Lawama za Umri

Nina ugomvi na watu wa aina mbili, na ugomvi wenyewe ni juu ya mchezo ambao wengi wa wasomaji wangu hawajapata kuuona ukichezwa. Aina ya kwanza ni wale walioshangilia mwaka 2021 kwamba zama za wazee katika besiboli zimekwisha. Aina ya pili ni wale waliosema mwaka 2023 kwamba watoto wameharibu kazi, waitwe watu wazima waje kutengeneza. Linaloniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi ni watu wale wale.

Timu ninayoisema ni San Francisco Giants ya California. Mimi naishi Hayward, upande wa pili wa ghuba, tangu mwaka 2001, na mchezo huu nilijifunza kwa redio ndogo nikiwa mlinzi wa zamu ya jioni. Kwa asiyeujua, besiboli ni ugomvi wa watu wawili: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anasimama na gongo (gongo la mti, si lile la chupa) akijaribu kuupiga. Mengine yote yanafuata hapo. Mpigaji akiupeleka mpira nje ya ukuta wa uwanja, anazunguka taratibu kama bwana harusi na hakuna wa kumgusa. Kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Timu ya wastani, isiyo mbaya wala nzuri, humaliza kwa kushinda 81 na kufungwa 81. Naomba msomaji aishike namba hiyo, kwa maana itarudi zaidi ya mara moja.

Mwisho wa msimu wa 2019 kocha mkuu wa Giants, Bruce Bochy, aliondoka. Huyu alikuwa mzee wa heshima, aliyeipa klabu ubingwa mara tatu, 2010, 2012 na 2014. Mkuu wa shughuli za besiboli wa klabu, Farhan Zaidi, msomi mwenye shahada ya udaktari wa uchumi kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akamchukua Gabe Kapler, mtu wa miaka 44 ambaye Philadelphia walikuwa wamemfukuza mwezi uliotangulia. Kapler naye akaunda benchi la ufundi ambalo halikuwa na mfano. Sisi tumezoea kocha mkuu, msaidizi, kocha wa makipa na daktari. Yeye alichukua makocha 13 kwa kikosi cha wachezaji 26, yaani kocha mmoja kwa kila wachezaji wawili. Shule gani ina neema hiyo?

Karibu wote walikuwa vijana. Andrew Bailey, kocha wa warushaji, alikuwa na miaka 35. Donnie Ecker wa wapigaji na Kai Correa, msaidizi mkuu, walikuwa wamevuka thelathini kwa miaka michache tu, na huyo Correa hakupata kamwe kucheza besiboli ya kulipwa. Januari 2020 akaongezwa Alyssa Nakken, mwenye miaka 29, mwanamke wa kwanza kuwa kocha wa kudumu katika benchi la timu ya ligi kuu. Mzee alibakizwa mmoja, Ron Wotus, miaka 58, ambaye alikuwa katika benchi hilo tangu 1998. Akawekwa asimame karibu na kituo cha tatu kuwaelekeza wakimbiaji, mahali ambapo mtu akikosea uwanja mzima unaona.

Kelele zilianza kabla hawajavaa sare. Wachezaji nyota wa klabu walikuwa wakubwa kuliko baadhi ya walimu wao, na watu wakauliza kijana wa miaka 29 atamfundisha nini mtu mwenye pete tatu za ubingwa. Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuja. Lakini lilipokuja hakuna aliyelisoma sawasawa.

Msimu wa 2020 nauruka. Ugonjwa wa korona uliufanya uwe wa mechi 60 tu, nao wakashinda 29. Tuje 2021. Wachambuzi wengi hawakuwapa Giants nafasi ya maana, nao wakashinda mechi 107, idadi ambayo klabu hiyo, yenye umri wa zaidi ya karne, haikuwa imepata kuifikia. Majirani na maadui wao wa tangu na tangu, Los Angeles Dodgers, walishinda 106 na bado wakawa wa pili. Kapler akapewa tuzo ya kocha bora wa mwaka. Hapo ndipo wimbo wa kwanza ulipoanza: ujana, ujana, ujana. Wazee wa kutema mate benchini wamepitwa na wakati, wenye kompyuta wameshika nchi.

Hebu tuwatazame waliozipiga hizo mechi 107. Buster Posey, mdakaji, alikuwa na miaka 34. Brandon Crawford, 34. Brandon Belt, 33. Evan Longoria, 35. Katika besiboli hao ni watu wanaokaribia kuulizwa habari za kustaafu. Mwaka 2019 Posey aliuvusha mpira ukuta mara 7. Mwaka 2021 mara 18. Crawford alitoka 11 akaenda 24. Belt alitoka 17 akaenda 29, tena kwa kucheza mechi 97 tu. Hao si vijana walioleta nguvu mpya. Ni wazee waliofundishwa upya na vijana, wakakubali kufundishwa. Vijana wale waliwaonyesha namna ya kuchagua mpira wa kupiga na wa kuacha. Wazee wale nao walileta mikono iliyokwisha kuona mipira maelfu kwa maelfu. Anayesema ulikuwa ushindi wa ujana hakuitazama orodha ya wachezaji, na anayesema ulikuwa ushindi wa uzoefu asahau maneno yake aeleze zile 7 zilizogeuka 18.

Hatua ya mtoano waliishia mikononi mwa Dodgers, tarehe 14 Oktoba, mechi ya tano kati ya tano, mabao mawili kwa moja. Mpigaji wa mwisho, Wilmer Flores, alilisimamisha gongo lake katikati ya njia, na mwamuzi wa kituo cha kwanza akasema limevuka. Halikuvuka. Lakini hayo tuyaache, yanaweza kujaza kitabu kingine.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo ni usajili. Wiki tatu baada ya pigo hilo Posey alitangaza kustaafu. Mrushaji wao bora, Kevin Gausman, akamaliza mkataba na kwenda Toronto kwa dola milioni 110 za miaka mitano. Ecker, kocha wa wapigaji, akachukuliwa na Texas Rangers. Ingekuwa nyumba, ungesema wameondoa nguzo, wamehamisha mlango, kisha wamemwacha fundi rangi aendelee na kazi. Walimleta mrushaji Carlos Rodón, naye alifanya kazi nzuri kwa mwaka mmoja kisha akaenda New York Yankees kwa milioni 162. Pengo la Posey halikuzibwa. Belt na Longoria wakaumia mara kwa mara, kama wanavyoumia watu wa umri wao. Msimu wa 2022 ukaisha kwa ushindi 81 na kufungwa 81.

Ikaja Desemba 2022, mwezi ambao wapenzi wa Giants wanaukumbuka kama harusi iliyovunjika bibi harusi akiwa amekwisha kupakwa hina. Kwanza alikuwa Aaron Judge, aliyetoka kupiga mipira 62 nje ya ukuta kwa msimu mmoja, mzaliwa wa California, aliyekua akiipenda timu hiyo hiyo. Mwandishi mmoja maarufu akatangaza kwamba anaelekea San Francisco, na kwa haraka ya vidole akalikosea hata jina lake. Baada ya dakika chache akaifuta habari. Kesho yake Judge akabaki Yankees kwa milioni 360. Kisha akaja Carlos Correa (si ndugu wa yule kocha), akakubali mkataba wa miaka 13 na dola milioni 350. Siku ya kumtambulisha ikapangwa, waandishi wakaalikwa. Madaktari wakaitazama picha ya kifundo chake cha mguu, mguu uliopasuliwa mwaka 2014, na saa chache kabla ya hafla shughuli ikaahirishwa. Haikufanyika tena. Correa akaenda kwa New York Mets, ambao nao waliutazama mguu ule ule na kusita, akaishia kurudi Minnesota alikotoka.

Siwalaumu madaktari. Ninachosema ni kwamba baada ya ndoto za milioni 360 na milioni 350, kapu liliporudishwa kutoka sokoni lilikuwa na Mitch Haniger na Michael Conforto. Conforto hakuwa amecheza mechi hata moja mwaka 2022 kwa sababu ya kupasuliwa bega. Haniger aliumia kabla msimu haujaanza, akarudi, mpira ukamvunja mkono mwezi wa Juni, akamaliza mwaka na mechi 61. Wote wawili ni wachezaji wa heshima. Lakini mpishi aliyeahidiwa ng'ombe akaletewa kuku wawili, mmoja wao ana mguu mbovu, utamhukumu kwa ukubwa wa nyama?

Walimhukumu. Tarehe 29 Septemba 2023, zikiwa zimebaki mechi tatu tu, Kapler alifukuzwa. Hizo tatu zilisimamiwa na Kai Correa, na timu ikamaliza na ushindi 79. Aliyeandika orodha ya wachezaji, Zaidi, alibaki kazini mwaka mzima zaidi.

Ndipo ulipoanza wimbo wa pili. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Mombasa, dereva wa basi hapa kwetu, ambaye hupenda kuniita Mwalimu kwa sababu ya kazi niliyoiacha nyumbani, alinikamata nje ya msikiti siku ya Ijumaa.

"Mwalimu, nilikwambia. Watoto hawa walikuwa wakicheza na kompyuta. Penye wazee hapaharibiki neno."

"Na wale 107?"

"Ile ilikuwa bahati."

Alisema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayemfariji mfiwa. Huyo huyo mwaka 2021 alikuwa amenieleza, mbele ya watu, kwamba wazee wote wa benchi wapewe fimbo zao waende nyumbani. Nilimkumbusha. Akasema mtu ana haki ya kujifunza.

Haki hiyo anayo. Tatizo ni kwamba hakujifunza kitu. Alibadilisha umri wa anayelaumiwa, basi. Na habari hii inanigusa kuliko inavyostahili mchezo, kwa sababu nami niliwahi kuwa katika kiti hicho. Mwaka 1995 nilipewa kuongoza shule moja ya msingi katika mkoa wa Tanga nikiwa na miaka 27. Wazazi walipiga vigelegele: kijana msomi, ataleta mwanga. Niliahidiwa walimu wawili wa hesabu na madawati sitini. Walimu hawakuja. Madawati yalikuja kumi na mawili, nayo mabichi, yalikunjamana kabla ya mvua za masika. Darasa la saba walipofanya vibaya miaka miwili mfululizo, ofisi iliyokuwa juu yangu haikutaja walimu wala madawati. Ilisema kijana hana uzoefu. Wakamleta mzee, mtu mwema sana, niliyemheshimu na ninayemwombea rehema. Yeye alijua mlango gani ugongwe na kwa salamu ipi, na katika mwezi wa tatu akawa amepata madawati arobaini. Hilo nampa, mimi nisingeyapata. Lakini walimu wa hesabu hawakuletwa hata kwake, na darasa la saba wakaendelea kufanya vibaya vile vile mpaka naye akastaafu. Hakuna aliyesema kwamba mzee ana uzoefu wa kupita kiasi.

Basi Oktoba 2023 Giants wakamleta mtu mzima. Bob Melvin alikuwa ametimiza miaka 62 au yamebaki masiku. Alikuwa amekuwa kocha bora wa mwaka mara tatu, alikulia huko huko kwenye ghuba, na ujanani alikuwa mdakaji wa Giants wenyewe. Hakuna mtu aliyeweza kumpata mwenye sifa zaidi. Simsemi kwa ubaya hata kidogo.

Msimu wa 2024: ushindi 80, kufungwa 82. Msimu wa 2025: ushindi 81, kufungwa 81.

Tuweke pamoja. Katika miaka miwili ya mwisho ya benchi la vijana, 2022 na 2023, timu ilishinda mechi 160 na kufungwa 164. Katika miaka miwili ya mzee ilishinda 161 na kufungwa 163. Mechi moja! Katika mechi 324, tofauti ya kijana na mzee ni mechi moja. Na kama msomaji anapenda vituko vya namba, Kapler alipofukuzwa Philadelphia mwaka 2019 alikuwa ametoka kushinda 80 na kufungwa 82, kisha 81 kwa 81. Ni namba zile zile za Melvin, kwa mfuatano ule ule. Mmoja aliambiwa hajakomaa. Mwingine, alipofukuzwa tarehe 29 Septemba 2025, miaka miwili kamili tangu siku aliyofukuzwa mwenzake, nilisikia kwenye redio mpiga simu akisema kwamba timu inahitaji damu changa.

Nilizima redio.

Atakuja mtu aniambie: mbona Bochy? Na kweli, hoja yao kubwa ni Bochy. Mzee aliyekwisha kustaafu akaitwa na Texas Rangers, timu iliyofungwa mechi 94 mwaka 2022, na mwaka wake wa kwanza tu, 2023, akiwa na miaka 68, akaipa ubingwa wa kwanza katika historia yake. Ng'ombe hazeeki maini. Nilifurahi kama ndugu yangu ameshinda uchaguzi. Lakini Bochy huyo huyo, pamoja na hekima yake yote na ubingwa wake wote, mwaka 2017 alifungwa mechi 98 akiwa na Giants, kwa sababu kikosi kilikuwa kimechoka. Hekima haikumtoka mwaka 2017 ikamrudia 2023. Huko Texas alikuta Corey Seager, aliyenunuliwa kwa milioni 325, na Marcus Semien, milioni 175, na warushaji wa bei kubwa juu yao. Na waliokaa naye benchini je? Pembeni yake, kama msaidizi mkuu na msimamizi wa upigaji, alikuwa Donnie Ecker, yule yule kijana wa San Francisco. Mzee alishinda akiwa amekaa na mtoto. Miaka miwili baadaye, 2025, kikosi kikiwa kimedhoofika kwa majeruhi na mabao kuwa adimu, Rangers wa Bochy walimaliza 81 kwa 81, na yeye na klabu wakaagana.

Na wale vijana wengine "walioshindwa" wako wapi? Kai Correa na Craig Albernaz, aliyekuwa akiwafundisha wadakaji, walikwenda Cleveland baada ya 2023. Huko kocha mkuu mpya alikuwa Stephen Vogt, miaka 39, ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa bado mchezaji. Mwaka 2024 timu hiyo ilishinda mechi 92 na Vogt akapewa tuzo ya kocha bora. Mwaka 2025 akapewa tena. Albernaz, Oktoba 2025, akawa kocha mkuu wa Baltimore. Nakken naye yuko Cleveland tangu mwisho wa 2024, akilea vipaji. Watu wameokotwa kwenye jalala la mwenzao, wakasafishwa, wakawekwa sebuleni.

Sitaki nionekane nimewapaka vijana wale mafuta. Walikuwa na makosa yao, mengine ya kuudhi. Kapler alipenda mno kubadilisha wapigaji kwa kufuata mkono wa mrushaji: wa kushoto akitoka, wa kulia anaingia, mpaka mpenzi wa timu hakujua amnunulie mwanawe fulana yenye jina la nani. Mchezaji asiyejua kama kesho atacheza hawezi kutulia, na hilo halihitaji kompyuta kulijua. Mzee angelijua. Melvin alilijua, aliwaacha watu wake wacheze kila siku, na kwa macho yangu timu ilipendeza zaidi kuitazama. Ilipendeza, ikashinda mechi moja zaidi.

Kwa nini basi hukumu humwangukia kocha, na kwa nini huvalishwa vazi la umri? Sababu ya kwanza ni pesa, na si siri. Katika besiboli ya Marekani mkataba wa mchezaji una dhamana. Ukimpa mtu milioni 43 kwa miaka mitatu akaumia mwaka wa kwanza, utazilipa zote. Huwezi kuwafukuza wachezaji 26, wala mwenye mali hajifukuzi. Kocha anafukuzika kwa simu moja asubuhi, na jioni yake magazeti yana kichwa cha habari. Ni kafara rahisi kuliko zote.

Sababu ya pili inatuhusu sisi watazamaji. Umri unaonekana. Huhitaji kujua lolote kuhusu kifundo cha mguu cha Correa ili uone kwamba kocha hana mvi. Huhitaji kusoma mikataba ili uone kwamba mwingine anatembea polepole kwenda kumtoa mrushaji. Tunapenda sababu ambayo macho hulisha bila kazi. Aliyeajiri hujua kwamba tunaipenda, kwa hiyo hutupatia: safari hii kijana, safari ijayo mzee, na kila safari tunapiga makofi tukidhani tumeona mabadiliko. Mimi nakaribia miaka 60, kwa hiyo sina faida yoyote katika kuwatetea watu wa miaka 29. Ninachotetea ni hesabu. Na mtu akinitetea mimi kwa mvi zangu pekee atakuwa amenitukana kwa adabu.

Septemba 2024 Zaidi hatimaye aliondolewa, na nafasi yake akapewa Buster Posey, miaka 37, ambaye hakuwahi kufanya kazi hiyo siku hata moja. Sikusikia mtu hapa akimwita mtoto. Aliyekuwa amepiga mipira yao kwa miaka kumi na miwili alikuwa na umri wowote aliotaka. Posey ndiye aliyemfukuza Melvin, na Oktoba 2025 akamleta Tony Vitello kutoka timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee, mtu wa kwanza kuruka moja kwa moja kutoka chuo hadi ukocha mkuu wa ligi kuu bila kupata kufundisha wala kucheza besiboli ya kulipwa. Ana miaka 47, mitatu tu zaidi ya aliyokuwa nayo Kapler alipoingia mlango huo huo.

Maneno yameanza tena, ya pande zote mbili, na nimeombwa maoni yangu kwenye kinyozi, kwenye basi na kwenye mazishi ya mtu. Jibu langu ni swali, nami nalitoa hapa kwa yeyote atakayekaa karibu na Posey siku ya mkutano na waandishi. Msimu wa 2025 siku ya kwanza alirusha Logan Webb, siku nyingine Robbie Ray, na siku moja katika tano alirusha Justin Verlander, mwenye miaka 42, aliyefungwa mechi 11 na kushinda nne. Mkataba wa Verlander umekwisha. Nani anarusha siku hiyo, na ameandikiwa kiasi gani?